Bata Kumi, Mtani

Severa alinyonyoa bata mwitu kule shimoni, chini ya soko la Kariakoo, tangu jengo jipya la soko lilipofunguliwa, na kabla ya hapo aliwanyonyoa nje, juani. Alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, aliyeletwa mjini na mume wa reli. Mume akafa, yeye akabaki na karai, maji ya moto na vidole vyake. Pembeni ya karai aliweka kopo tupu la maziwa, na kila alipokuta marisau, zile chembe za risasi, ndani ya nyama aliyatoa akayatupia humo, ta, ta, mteja asije akavunjika jino.

Bata walitoka Ruvu, kwa Uwesu, Mzaramo mwenye bunduki na leseni. Leseni ilisema ndege kumi kwa safari moja, basi kila Jumamosi asubuhi Uwesu alishuka shimoni na bata kumi waliofungwa shingo kwa ukindu, akawauza kwenye meza ya Severa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wawili hao walikuwa hawaachiani. Uwesu alipofiwa na baba yake, Severa alikwenda Ruvu akaingia kaburini kabla ya maiti, akakataa kutoka mpaka alipopewa jogoo. Hakuna aliyemkasirikia. Mtani hakasirikiwi, anayekasirika ndiye anayeaibika.

Mwaka wa themanini na moja risasi ziliadimika kama sukari, na nyama ikawa ya foleni. Severa alidhani bata nao watapungua. Badala yake, Jumamosi moja ya masika, Uwesu akaja na gunia la bata thelathini na wawili. Wateja wakajaa. Severa naye, tusimsingizie, alifurahi, akachemsha maji.

Bata wa kwanza, kopo kimya. Wa tano, kimya. Alipofika wa kumi aliacha kunyonyoa, akakunjua bawa. Manyoya marefu ya kurukia hayakuwapo. Palikuwa na vijiti vifupi, laini, na alipokibana kimoja kikatoa damu. Akafunua bawa la mwingine, hivyo hivyo. Na wote walikuwa wamepasuka vichwa.

Hapo akaelewa. Bata akishalea hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa pamoja, na kwa majuma kadhaa hujificha kwenye matete, hana pa kwenda. Severa alilijua hilo tangu utotoni. Mbuga ya kwao ilikuwa na bata wa kufunika maji. Kijiji kizima kikaingia matete na marungu, msimu wa kwanza na wa pili, na msimu wa tatu wakabaki vyura. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba kikapu.

Akamuuliza Uwesu. Uwesu hakuficha: risasi hamna, watoto wanataka kula, na yeye na ndugu zake walikuwa wameingia matete na fimbo.

"Leseni yako inasema kumi," Severa akamwambia.

"Leseni ni ya bunduki, mtani. Fimbo haina leseni."

Watu wakacheka, na Severa akacheka nao, lakini wiki nzima hakulala vizuri. Kama Ruvu ingekuwa kama mbuga ya kwao, asingepona Uwesu wala yeye.

Jumamosi iliyofuata Uwesu akaja na arobaini. Severa akahesabu kumi, akawaweka mezani. Thelathini waliobaki akawakumbatia, gunia na vyote.

"Kumi wako. Hawa ni wangu, wa utani."

Akapanda nao juu, akawagawa bure, kwa wachukuzi na kwa akina mama waliopanga foleni ya unga, mpaka gunia likawa tupu. Uwesu alisimama akitafuta kicheko.

"Wanyamwezi hamwachi kubeba mizigo ya watu."

"Na leo nimebeba yako. Ukileta mia nitagawa tisini."

Nassibu, muuza kuku wa meza ya pili, akamwonya kwamba anajikata shingo mwenyewe, kwani Uwesu akihama atabaki kunyonyoa upepo. Severa akamjibu kwamba afadhali anyonyoe upepo mwaka mmoja kuliko vyura maisha yake yote.

Kweli, Jumamosi ya tatu Uwesu alikusudia kupitia mlango wa pili hadi kwa Nassibu. Akamkuta Severa amekaa kwenye kigoda hapo hapo mlangoni, tangu alfajiri. Akahesabu kumi. Waliobaki wakaenda na watu.

Uwesu akajiachia chini karibu na kigoda. Miguu yake ilikuwa na alama za ruba. Akauliza kwa sauti ndogo, bila utani, huyu mama anataka nini kwake.

Severa akachukua bata mmoja, akakunjua bawa, akamwekea mkononi. "Bana hapo."

Uwesu akabana. Damu ikamchuruzika kidoleni. Akaifuta kwenye gunia.

"Bunduki ilimwachia bata nafasi ya kuruka," Severa akasema. "Waache mabawa yaote, ndipo uniletee kumi."

Uwesu akasema ndugu zake hawatakubali. Severa akasema wao nao waje, anagawa bure.

Uwesu akaondoka, na Jumamosi zikapita bila bata. Severa alinyonyoa kuku wa hoteli moja ya Posta, akala mlo mmoja kwa siku, na kila Jumamosi akakaa mlangoni na kigoda chake. Hakuna gunia lililopita.

Mwezi wa tisa Uwesu akashuka na bata wanne kwenye ukindu.  Severa akakunjua bawa la wa kwanza: manyoya marefu, makavu, yamekamilika. Akanyonyoa, akachokoa risau kwa ncha ya kisu, na kopo likalia, ta.

"Wanne tu?"

"Nilipata risasi tano, mtani. Wa tano aliruka, nikamkosa."

"Mzaramo akishazoea ngoma, bunduki ya nini?" Severa akasema. Kisha akawahesabu wale wanne, mara mbili, mbele ya macho ya Uwesu.