Mtani Wetu Kaja Kufunga Duka

Jamani, leo tumecheka kwenye msiba wetu wenyewe.

Kampuni yetu ya nguo imepata mkurugenzi mpya, mama wa Kizaramo. Asubuhi kafika hapa dukani Tabora. Mtani wetu kabisa!

Salamu tu kwisha, akasema: "Wanyamwezi, hili duka nalifunga."

Tukaangua kicheko. Sasa mtani akisema hivyo, utafanyaje?

Dada Kulwa wa kaunta akamrudishia: "Funga, Mzaramo wewe! Tutarudia kazi ya babu zetu, kubeba mizigo ya misafara."

Tukagongeana mikono.

Mama wa watu hakucheka. "Poleni. Matawi madogo yote yanafungwa."

Nyie wenye watani mabosi, mnajuaje kama anatania?

Saa hizi tunapakia maboksi kwenye lori. Kulwa kajitwika lake kichwani.