Kioo Nilichokikataa

Enzi za dhahabu, kila duara, yaani shimo la wachimbaji, lilipotema dhahabu, vijana wa machimbo ya Matongo walipanda bodaboda wakaja kupiga picha studioni kwangu, Turwa, mjini Tarime. Kompyuta zangu tatu zikajaa. Nikaamua kununua kisanduku cha kuhifadhia picha, kile kinachochomekwa kwenye ruta ili kompyuta zote zichote humo.

Fundi aliniletea viwili nichague. Kimoja kilikuwa cha diski moja, kidogo na kimya. Cha pili kilibeba diski mbili, kikinguruma kama mashine ya kusaga. Nilivizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, nikachukua cha diski mbili. Mimi sipunjwi.

"Mama, nikuwekee kioo?" fundi akauliza.

"Kioo ninacho," nikamjibu kwa ukali, nikimwonyesha kidole kwenye kioo cha kompyuta. Nilidhani anataka kuniuzia kingine. "Wewe ziunganishe hizo diski ziwe moja, nipate nafasi."

Akaziunganisha.

Baada ya miezi michache diski moja ikafa. Sikujali, si nilikuwa na ya pili? Fundi alipofungua kisanduku, aliniangalia kwa huruma.

"Kioo ni kila picha kukaa kwenye diski zote mbili, mama. Moja ikifa, nyingine inayo. Tulivyoziunganisha, moja ikifa zote zimekwenda."

Nikakaa sakafuni. Kumbe nilikuwa nimekataa kwa kinywa changu mwenyewe.

Wiki hiyohiyo aliingia mama mmoja mzee.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimetoka Matongo. Nimemfuata mwanangu."

Mwanawe alikuwa amefukiwa duarani. Wenzake walimwambia mama kwamba aliwahi kupigwa picha kwangu, akiwa amevaa koti la studio, lile ninaloazima wateja. Nyumbani hakuacha picha nyingine hata moja.

Nilimweleza kwamba picha zote zimepotea, na kosa ni langu. Nilimngojea anilaani, na ningestahili. Akauliza tu, "Na hilo koti lipo?"

Nikalitoa kwenye msumari. Akalikunjua, akaweka pua kwenye kola, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Ni yeye," akasema.

Tangu siku mwanawe alipopigwa picha, koti hilo lilikuwa limevaliwa na nusu ya Tarime. Sikumwambia. Nililifunga kwenye mfuko, akaondoka nalo.