Nyamizi na Kanda ya Kwanza ya Kwaya

Kwa miaka tisa Nyamizi ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa lao, Bariadi. Nyingi alizitunga mwenyewe shambani, akichukua mahadhi ya Kisukuma ya kupalilia na kuyatilia maneno ya Injili. Wazee waliozoea nyimbo za kitabuni walinung'unika mpaka wakachoka. Kisha Flora akaolewa pale, akitokea Lalago, akajiunga na kwaya. Jumapili ya kwanza alipofungua kinywa, watu waligeuka kwenye mabenchi. Nyamizi aliwaona.

Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuingia, na kanda za kwaya nazo zikafika dukani kwa Tajudin, aliyezipiga kutwa nzima ingawa yeye ni Mwislamu. Novatus, mwalimu wa kwaya, akapata nafasi ya kurekodi Mwanza mwezi Januari. Akatangaza kwamba wimbo wa kwanza, aliotunga Nyamizi, atauongoza Flora.

Nyamizi aliitikia amina pamoja na wenzake. Kesho yake akaenda kwa Nyanjige, mama mkwe wa Flora, na baada ya salamu ndefu akadokeza kwamba kuna mwanamume anamngoja Flora huko Mwanza. Hakuwa amesikia neno lolote la namna hiyo.

Flora akazuiwa. Basi la kwaya lilipopita kando ya shamba lao, Nyamizi alimwona ameinama na jembe, hakuinua kichwa. Huko Mwanza wimbo ukaongozwa na Nyamizi.

Kanda ilipotoka, watu walimpongeza njiani. Lakini kila wimbo ulipofika ubeti wa pili, pale sauti yake ilipopanda ikachoka, alitamani kuziba masikio. Flora aliuimba wimbo uleule kisimani, akipanda palepale bila taabu. Nyamizi alipomsikia, aligeuka na ndoo yake tupu akarudi nyumbani.

Baada ya mavuno akashindwa kuvumilia. Akarudi kwa Nyanjige, akakiri uongo wake.

Nyanjige aliendelea kupepeta mtama. "Mayu, mama, nilijua siku ileile," alisema. "Lakini pamba yangu ilikuwa imemezwa na majani, na wewe ukaniletea sababu ya kumzuia Flora."

Nyamizi akamfuata Flora jikoni, akamwambia naye.

"Huyo mtu ulimpa jina gani?" Flora akauliza.

"Sikumpa jina."

"Mume wangu Luhende ananiuliza jina lake tangu Januari."

Jumapili iliyofuata Nyamizi alisimama mbele ya kanisa zima, Luhende akiwa benchi la pili, akayasema yote. Novatus akamweka safu ya nyuma.

Kanda ya pili aliongoza Flora. Nyamizi aliitikia pamoja na wengine, na sauti ile ilipoanza kupanda akaomba moyoni ipasuke. Haikupasuka. Akaitikia tena, kwa sauti kubwa zaidi.