Kioo cha Pikapu ya Mzee Kilonzo

Aibu hii bora mnisikie nikiisimulia mwenyewe kuliko mhadithiwe huko Mlolongo na watu wa kuongeza chumvi: siku niliyoenda kwa kina Ndunge kujitambulisha, nilimsalimia baba mkwe kwa gari.

Ndunge ni mchumba wangu, na ndiye aliyenifundisha kuunda magari madogo ya plastiki, yale yanayopunguzwa kwa kipimo hadi lori zima linakaa kiganjani. Mngemwona akifanya kazi! Anasugua bodi kwa msasa hadi mshono unapotea, anapiga rangi nyembamba, anangoja ikauke, anapiga tena, na kipande kidogo hakigusi kwa vidole, ni kibano tu. Mimi magari yangu ya kwanza yalifanana na viatu. "Gundi haipakwi, Musyoka," alikuwa akiniambia, "inaguswa tu na ncha ya kijiti." Polepole mkono ukatulia, nikaamua kumuundia baba yake, Mzee Kilonzo, ile pikapu ya bluu aliyokuwa akibebea nyanya kwenda soko la Masii, ambayo sasa imebaki kwenye picha moja ukutani, iliyopigwa upande wa kulia. Nilitaka mzee anione mtu wa maana (kazi yangu ya kuandikisha malori kwenye machimbo ya mawe haikuwa imemvutia).

Ikatoka vizuri, hata mimi nikashangaa. Basi tumefika getini kwao Masii, nafungua boksi, kioo cha pembeni cha kushoto kimeng'oka. Ndunge akasema, "Wacha tu, utarekebisha tukirudi." Mimi na kichwa changu kigumu nikangoja atangulie ndani, nikatoa supa gluu mfukoni, bila kijiti, bila kibano, nikaminya. Ikamwagika. Kuja kuiweka pikapu chini, vidole vya mkono wa kulia vimekataa kuiachilia, na mzee ameshatokea mlangoni, mkono ameunyoosha.

"Wakya?" akanisalimia, jinsi wazee wetu wanavyowasalimia vijana.

"Aa," nikajibu, na akili ikaganda pamoja na gundi. Kumpa mkwe mkono wa kushoto ni matusi, na wa kulia una gari. Nikatoa gari. Mzee akalitazama, akanitazama, akalishika boneti akalitikisa taratibu, salamu kamili, huku mashangazi (niliahidiwa wawili, walikuwa wamejaa sebule) wakijiziba midomo kwa leso. Nilitamani ardhi ipasuke.

Ndunge hakucheka. Aliniketisha, akaleta maji ya uvuguvugu na mafuta ya kupikia, akanibandua kidole kimoja kimoja kwa kijiti cha meno, na subira ni ileile ya mezani kwake, rangi ya pikapu haikukwaruzika hata kidogo. Nilimpenda upya pale pale, nimepakwa mafuta kama chapati.

Mzee akaichukua pikapu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeitengeneza vizuri sana," akasema. "Lakini hii kioo ya kushoto iling'olewa na punda pale Kithimani, hata gari haikuwa imezoea barabara. Sikuwahi rudisha ingine."

Akaking'oa kioo kwa ukucha, akaiweka pikapu chini ya ile picha.

"Sasa ndio yangu."

Tangu siku hiyo supa gluu haiingii kwangu, na Ndunge akisema wacha, naacha.