Maneno Mawili Kwenye Faili la Mama

Anayemsifu Bi Maelezo kwa huruma hamjui. Watu humwona kwenye kile chumba chake karibu na maabara, viti viwili na pazia la kijani lililopauka, amemwinamia mgonjwa anamsikiliza, wakasema, "Jamani, huyu mama ana moyo!" Moyo anao, ndiyo, na nyongo tele ndani yake. Kazi ile aliitafuta kwa kisasi.

Kisa chenyewe kina miaka kumi na tisa. Alikuwa karani wa masjala katika hospitali hiyohiyo, kazi yake kupanga mafaili, mama yake alipokuja akilalamika uchovu. Wakampeleka kwa daktari ambaye wauguzi walimwita Dakika Mbili, maana hakuna mgonjwa aliyewahi kufikisha ya tatu mbele yake. Akampima presha, akasikiliza kifua, akaona mambo yote sawa.

Mama akaanza, "Daktari, nikichana nywele mikono..."

"Mama, jibu ninachouliza. Kifua kinauma, ndiyo au hapana?"

"Hapana."

Akaandika maneno mawili: Mawazo tu. Asubuhi ya tatu mama alianguka jikoni, sufuria mkononi, akafa palepale. Waliompasua wakasema ni moyo. Na faili likarudi kwa nani? Kwa binti yake, eti alipange kwenye rafu ya marehemu! Akalitia mkobani, akaenda nalo nyumbani.

Toka siku hiyo aliapa kumtia adabu yule daktari, ila hakujua kwa lipi. Akajiandikisha masomo ya jioni ya saikolojia ya afya. Wenzake walitaka vyeti. Yeye alitaka kujua kosa lile linaitwaje. Mwalimu akawafundisha kwamba hapo kale, kabla ya mashine, waganga wa jamii nyingi walianza kwa kuuliza: unalalaje, umegombana na nani, nani amefariki nyumbani? Vikaja vipimo, vikaokoa watu wengi, hilo halina ubishi, lakini madaktari wengi wakamgawa mtu vipande viwili: nyama wakaichukua wao, mawazo wakayaacha nje ya mlango. Tena kila jamii ina namna yake ya kusema inaumwa. Mtu akikuambia joto linamtembea mgongoni, usimsahihishe, mfuate huko linakotembea.

Aliyanakili yote huku kang'ata meno. Siku moja yakamshinda, akasimama darasani. "Kumbe walijua! Kumbe haya yako vitabuni miaka yote, na mama yangu yuko kaburini!"

Mwalimu akaiweka chaki, akamvutia kiti akae.

Alipohitimu aliing'ang'ania hospitali mpaka ikampa chumba. Kila mgonjwa sasa hupita kwake kabla daktari hajaamua, aeleze kwa maneno yake, naye aandike ukurasa mzima bila kumkatiza. Madaktari walinung'unika, kisha wakazoea. Lakini Dakika Mbili alikuwa keshastaafu, kaagwa kwa hotuba na maua. Ukimtaja tu, Bi Maelezo alisonya.

Basi asubuhi moja pazia likafunguka, na nani kaingia? Mwenyewe! Mzee, kakonda, fimbo mkononi. Wala yeye hakumtambua Bi Maelezo.

"Binti, mimi ni daktari. Andika nimechoka, nipite zangu."

Vipimo vyake vya kwanza vilikuwa safi. Daktari wa moyo, mwanamke mtaratibu, alikuwa ameshamwambia Bi Maelezo, bila kumtaja mgonjwa jina, "Huyu sioni kitu. Ukurasa wako ndio utaniambia nimlaze au arudi nyumbani."

Haya! Mwenye deni kajileta mwenyewe. Bi Maelezo akashika kalamu, akaandika maneno mawili: Mawazo tu. Roho yake ikasuuzika, tusidanganyane. Akampa mzee ishara kwamba wamemaliza.

Mzee akainuka, kisha akasita. "Kuna jambo la kipuuzi. Nikipiga mswaki mikono inachoka. Naishusha, napumzika, ndipo naendelea."

Bi Maelezo aliiangalia karatasi yake. Akaichana vipande, akamrudisha mzee kitini kwa mabega.

"Usife, wewe mzee! Usithubutu kufa! Bado sijamalizana na wewe!" Akatoka mbio kumwita daktari wa moyo, kiatu kimoja kikibaki mlangoni.

Walikuta mishipa miwili ya moyo karibu kuziba kabisa. Akalazwa, akatibiwa, akapona. Siku ya tano Bi Maelezo alikwenda wodini na mkoba wake.

"Wameniambia ni wewe," mzee akasema. "Nakushukuru sana, binti yangu."

"Shukrani kaa nazo. Soma hili, kwa sauti."

Mzee akavaa miwani, akafungua faili, akasoma jina, umri, na yale maneno mawili kwa mwandiko wake mwenyewe. "Simkumbuki," akasema.

Loo! Miaka kumi na tisa anamchukia mtu ambaye hana hata habari. Bi Maelezo alitamani kumzaba kofi. Badala yake akamtupia kalamu na karatasi kifuani.

"Basi leo utamwandika upya. Uliza kama ninavyouliza mimi, uandike kila neno."

Mzee akaanza. "Mwenyewe alikuwa akisemaje?"

"Alisema akichana nywele mikono inachoka. Wewe ukamkatiza."

Akaandika. "Alimweleza nani mwingine?"

"Mimi. Jioni ileile. Na kesho yake tena."

"Ukamjibuje?"

Swali hilo Bi Maelezo alikuwa amewauliza maelfu ya watu. Yeye hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Nilimwambia, mama, daktari amesema ni mawazo tu. Acha kudeka." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Ile asubuhi ya tatu alisema hawezi kuinuka. Nikamwambia masufuria hayajioshi."

Mzee akaiinua kalamu, akamtazama. "Na hilo niandike?"

"Andika," akasema Bi Maelezo, akijifuta kamasi kwa mkono. "Kosa langu liweke chini ya lako."