Gunia Lisilo na Panya

Mvua imelowesha kabati la vitabu darasani kwetu, na wenzangu wanaziba pua wakicheka ile harufu. Mimi, bingwa wa vituko, harufu hiyo ya karatasi zilizolowa inanirudisha kwa shangazi.

Shangazi alikuwa na karakana kando ya ziwa, hapa Kisumu. Mashine yake ilikuwa pipa kubwa lenye visu chini. Ilinguruma kutwa nzima ikigeuza karatasi kuukuu kuwa uji wa kijivu wa kutengenezea trei za mayai. Kabla ya kumwaga gunia lolote la karatasi ndani, aliligonga kwa fimbo ili panya watoke.

Siku moja nilikuwa nikicheza kujificha humo karakanani na dadangu wa miaka minne. Nilimwingiza kwenye gunia mojawapo, nikamfunika magazeti.

"Hata mtu akikugusa, usitoe sauti. Ukinyamaza, umeshinda."

Nikaenda zangu nje kutafuna muwa, nikijisifu kwa ujanja. Niliporudi, shangazi alikuwa amesimama mbele ya gunia lile lile. Akaligonga. Kimya. Akaligonga tena, kwa nguvu. Kimya.

"Hii haina panya," akasema, "lakini ni nzito, aki!"

Akaliinua hadi ukingoni mwa pipa.

"Anti, wacha!"

Mashine ilimeza sauti yangu. Nikamrukia mguu, nikamuuma. Tukaanguka chini sote, pamoja na gunia.

Dadangu akatambaa nje, alama ya fimbo ikivimba shavuni, akanikazia macho.

"Umeniharibia! Nilikuwa nashinda."