Maji Yaliyolala Kwa Paipu

Admin, jina langu lifiche, na la kijiji pia, maana pande hizi za Zombe watu wana masikio marefu. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na nane. Nilizaliwa upande wa Tawa, nikaolewa huku, na kazi yangu ilikuwa kushika ufunguo wa mfereji wa kanisa, lile bomba tunalochotea maji sote. Mdomo ninao, wanaonijua wanajua. Ndiyo maana kinachonitesa ni siku moja tu niliyonyamaza.

Ule mfereji uliwekwa na marehemu mume wangu. Alikuwa fundi, na hakuna aliyemshinda. Paipu ikivuja kwa maungio, alikuwa anayeyusha risasi ya betri kuukuu za gari kwa jiko langu, anaimwaga hapo, inaganda, kuvuja kunaisha. Hadi siku ya mazishi walimsifu kwa hiyo. Mimi nilikuwa namshikia sufuria, mimba ya Mwende ikiwa kubwa, tukichekeana.

Mwaka huu tukasikia sheria ya maji ya kunywa inakazwa, na kabla haijaanza kila mradi lazima upimwe hayo madini ya risasi, na paipu mbaya zitolewe. Mchungaji ndiye mwenyekiti wa maji. Kanisani alisema tu, "Wageni wa maji wanakuja, tuwapokee vizuri." Sasa mimi mama yangu alinilea hivi, na mama mkwe akakazia: mgeni hapewi maji yaliyolala, hayo ni ya mbuzi. Kwa hivyo asubuhi nikasugua mfereji kwa jivu, nikaufungua, nikaacha maji yatiririke mpaka yakawa baridi na matamu. Mbuzi walishiba. Nikafunga, nikajifunga leso mpya.

Afisa alikuwa msichana mpole. Akauliza mbele ya watu wote, "Kuna mtu amefungua mfereji huu tangu jana jioni?"

"Hapana, madam, tumetii," mchungaji akajibu haraka. Kumbe alikuwa ametumiwa ujumbe tusiuguse, akasahau kutuambia.

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanifinya mkono. Huku kwetu mchungaji hapingwi mbele ya wageni, tena na mjane. Nikaufunga. Yule msichana akajaza chupa yake huku akitueleza kwamba anataka maji yaliyolala, kwa sababu ndiyo hukaa na risasi usiku kucha kwa paipu. Yakishatiririka, inapungua, na hutajua kama iko. Tena hata ukiyachemsha haitoki, na watoto ndio huharibika akili polepole. Aiya! Chupani alikuwa ameweka maji ya wageni.

Majibu yalikuja mazuri. Tukapiga vigelegele, nami nikapiga, Mungu anisamehe. Paipu mpya ambazo tungepewa zikapelekwa kwa mradi mwingine.

Sasa sikieni. Mtu wa kwanza kuchota kila asubuhi ni mpishi wa nasari, maji ya uji. Mwende wangu anasoma hapo. Ana miaka sita na maneno bado yanamponyoka. Labda ni mtoto mzito tu, wako wengi. Labda si hivyo. Nikisikia sufuria ikigonga jiko, namuona baba yake akikoroga ile kitu inayong'aa, akiniambia nisogee karibu nione. Ninampenda bado, na ninamuogopa.

Nikaanza kumwaga maji ya kwanza kabla mpishi hajafika. Majirani wakaniona. "Mama Mwende, na hili jua lote unamwaga maji? Umerogwa?" Mwishowe nikaenda kwa mchungaji nikamwambia yote. Akasema, "Ukisema, watafunga mfereji. Akina mama warudi kuchimba maji kwa mchanga wa mto? Mimi niitwe mwongo? Na mzee wako aitwe mtu aliyetuwekea sumu? Mwache apumzike, mama."

Jana akachukua ufunguo, akampa mpishi, ati maji yasipotezwe. Nilimsihi yule mpishi amwage kwanza. Akanicheka. "Si uji unachemka?"

Leo nimesikia kengele ya uji kabla sijafunga mlango wa boma, Mwende ametangulia. Nimekimbia na malapa mkononi. Nimewakuta watoto wamepanga laini, uji umeshagawiwa, Mwende ameinua kikombe. Nimemnyang'anya nikamwaga chini. Amelia sana, na wale wengine wote wamesimama wananitazama, vikombe mdomoni. Nimembeba wangu nikaenda.

Wa wenzangu nimewaacha wakanywa.

Namba aliyotuachia yule afisa iko kwa simu yangu tangu siku ile. Nikiigusa, naona kaburi la mume wangu, naona akina mama na mitungi wakiteremka mtoni wakinilaani. Nikiiacha, kesho laini ya uji ni ile ile. Ndugu zangu, msinihurumie, niambieni tu: mngekuwa mimi, mngepiga?